Wagonjwa Waliofichwa kwa Sababu ya Wageni

Siku ya kliniki, kina mama huwa wanajaa pale zahanati mpaka wengine wanakaa huko kwenye migomba. Leo Nesi Eunike kafika, kakuta pamefagiwa mpaka panang'aa, benchi limetandikwa kitambaa cha madhabahuni, na mgonjwa hata wa dawa hakuna.

"Watu wako wapi?" alimuuliza Mzee Aminieli, mwenyekiti wa kijiji.

"Nimewaambia wabaki nyumbani. Tuna wageni, nesi. Unataka wakute watoto wanatapika hapa?"

Damu ikampanda Eunike kichwani. Wageni wenyewe walikuwa wanakuja kupima kama zahanati ina faida kulingana na pesa inazokula, au ifungwe, watu wote washuke mpaka hospitali ya Kikwe, mbali huko. Kabla hajafungua mdomo, gari likaingia.

Akashuka Frederick, kijana wa mjini, kishikwambi mkononi. Akahesabu vyumba, akahesabu vitanda, akahesabu wagonjwa. Hapo hakuchelewa.

"Dada, friji ya chanjo, umeme, mishahara. Mnatibu nani? Migomba?"

"Wagonjwa wamefichwa."

"Wamefichwa," Frederick akamwambia dereva wake. Wakacheka. Mzee Aminieli naye akacheka, hajui hata anachekea nini, akawakaribisha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, pale barazani.

Eunike akatoka nje asije akamrushia mtu sahani. Ndipo akasikia mtu anaguna jikoni kwa mwenyekiti, jirani tu hapo. Kuingia, akamkuta Violet, mkwe wa mzee, kapiga magoti, kang'ang'ania gunia la mahindi.

"Uchungu umeanza lini?"

"Alfajiri. Baba amesema wageni wamalize kula kwanza."

Eunike akambeba nusu, akamkokota nusu, wakapita katikati ya wanaokula.

"Nesi, wageni," mzee akanong'ona.

"Shikamoo yako nilishakupa asubuhi, mzee. Sasa pisha."

Akausukuma mlango wa zahanati kwa mguu. Huko ndani Violet alipiga kelele mpaka vijiko vikanyamaza. Baadaye kikalia kitoto.

Eunike akatoka, aproni imelowa damu.

"Wa kike. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka shingoni. Mngemfikisha Kikwe na bodaboda?" Akamgeukia Frederick. "Andika."

"Dada, ripoti nimeshatuma. Hesabu imefungwa."

"Kwa hiyo huyu hajazaliwa?"

Frederick akaangalia kioo cha kishikwambi chake. "Kwenye mfumo, bado."

Eunike akamgeukia mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na hiyo ndiyo iliyomtisha mzee.

"Uliwafukuza wewe, utawaita wewe. Anayekohoa, anayeharisha, mwenye mimba, wote. Waambie wakae mbele ya gari lake."

Mzee Aminieli akaenda anapaza sauti kwa Kimeru, nyumba kwa nyumba. Wa kwanza akaja bibi mmoja anakohoa, akaegemea tairi. Wakaja wenye watoto mgongoni. Wakaja waliofungwa vidonda kwa kanga. Wakakaa chini, wakaijaza njia mpaka getini.

Frederick akapanda, dereva akawasha gari, akapiga honi.

Hakuna aliyeinuka.