Haipaboli Nyuma ya Pazia

Lubna alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa majina. Tangu madamu Joëlla, mwalimu wao wa Kiingereza kule Nyakabiga, awaandikie ubaoni tamathali za semi, mtoto wa watu hakuweza tena kusikiliza maneno kama binadamu wengine. Mama akisema njaa inamtafuna, Lubna anadakia: "Hiyo personifikesheni!" Muuza mkate akipita anajisifu kwamba mkate wake ni laini kama pamba, Lubna anatoa kichwa dirishani: "Simili!" Yule muuza mkate siku hizi alikuwa akipita mtaa wa nyuma. Nyumba nzima ilikuwa imemchoka, na wa kwanza kuchoka alikuwa dada yake, Sijaona, ambaye wiki ile alikuwa na lake zito kuliko Kiingereza chote.

Lakini tusimlaumu sana. Madamu Joëlla naye hakuwa mtu wa mchezo. Aliwaambia wazi: "Mi sitaki mifano ya kitabu. Kitabu nimekisoma. Jumatatu kila mutu aniletee maneno aliyoyasikia kwa masikio yake, aniambie kwa Kiingereza ni tamathali gani, na kwa nini. Voilà." Sasa Jumamosi ndiyo hiyo, karatasi ya Lubna bado nyeupe, na nyumbani kwao Buyenzi wanakuja wageni wa posa. Watu wa posa, jamani! Watu wasioweza kuomba hata maji bila kuyazungusha. Lubna aliona kabisa kwamba Mungu amemletea majibu ya mtihani mpaka mlangoni.

Posa yenyewe ilikuwa ya Sijaona. Khaled, kijana anayeuza piyesi, vipuri vya magari, mtaa wa pili, alimpenda, na yeye alimpenda, wala haikuwa siri. Mafundi wa gereji walikuwa wameshaanza kumwita Sijaona shemeji. Kikwazo kilikuwa kimoja tu, nacho kilivaa kanzu na kushika fimbo: mzee Seifu, babu yake Khaled, msemaji wa ukoo wao. Ukoo ule hauoi bila mdomo wa mzee Seifu. Mdomo ulikuwa mtamu, hilo halina ubishi, ila moyo wake ulichubuka upesi kuliko ndizi mbivu. Mwaka uliopita aliinuka katikati ya posa ya mjukuu mwingine, eti kapewa maji kwenye kikombe cha plastiki. Akaondoka, ukoo mzima nyuma yake, na posa ile ikafa papo hapo. Yule binti sasa kaolewa kwingine. Ndiyo maana siku hiyo Sijaona aliosha bilauri za kioo kwa mikono yake, akazifuta, akaziosha tena.

"We Lubna," alisema, "leo nakuomba kitu kimoja tu. Ufunge mudomo."

"Nimefunga."

"Apana. Bado unaongea."

Wageni wakaja baada ya alasiri, na sinia lao la zawadi limefunikwa kitambaa cha kutarizi. Wanaume wakakaa sebuleni, wanawake chumba cha ndani, pazia katikati. Ndiyo desturi: wanaume wanasema, wanawake wanasikiliza, na binti anayeposwa habanduki nyuma ya pazia wala hatoi sauti. Msemaji wa kwao akija kumuuliza kama anakubali, jibu lake ni kunyamaza. Ukimya wake ndio 'ndiyo' yake. Lubna alijibanza penye mwanya wa pazia, karatasi magotini.

Mzee Seifu akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejua kwamba anasubiriwa. "Sisi wenzenu tulikuwa tunapita tu. Tukasikia harufu ya ua. Pua zetu zikatushika mkono, zikatuleta mpaka hapa. Je, hapa kwenu hamukuona ua?"

"Metafori," Lubna akanong'ona, kalamu mbio.

Baba mdogo Ramazani, aliyesemea upande wa binti, akajibu kwa uso mkavu: "Ua? Hapa kwetu pana spana na oili chafu tu. Muzee, labda mumepotea njia."

"Aironi!"

Shangazi Zaituni, aliyekuwa akipanga sambusa kwenye sahani, akasogeza sikio. "Eti nini?"

"Aironi, shangazi. Mutu anasema hivi, kumbe anataka kusema vile."

"Kumbe iko na jina!" Shangazi akaweka sahani chini. "Mi naishi na mume wa aironi tangu niolewe."

Wanawake wakacheka ndani ya kanga zao. Basi, muda si muda chumba kile kikawa darasa. Neno likitoka sebuleni, mama anabahatisha, shangazi anabisha, Lubna anaamua. Sijaona peke yake hakucheza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akisokota ncha ya mtandio wake, na kila kicheko kilimkata maini. Alikuwa akiogopa, tena akiogopa haswa, na hakuna aliyemwangalia.

Huko sebuleni mzee Seifu alikuwa amepamba moto. "Waungwana, kijana wetu ni mgonjwa! Tangu alinuse hilo ua, hajala, hajalala. Tonge halipiti kooni. Mwezi mzima sasa anaishi kwa kuvuta pumzi tu!"

Lubna akachungulia amwone huyo mgonjwa. Khaled alikuwa karibu na mlango, kanzu imenyooshwa vizuri, shavu limejaa sambusa, na mkono uko njiani kuchukua nyingine.

"HAIPABOLI!"

Hakunong'ona. Alipiga kelele kama mtu aliyeona goli. Shangazi Zaituni akamfinya, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

"Nani," akasema mzee Seifu polepole, "ameniita jina hilo?"

"Ni watoto tu, muzee," Ramazani akaanza kubembeleza. "Wanajifunza mambo ya skuli..."

"Mwenye mudomo ana miguu. Atoke."

Lubna akageuka kumtazama dada yake. Afadhali angemtukana. Sijaona alisema neno moja tu, "Umeniua," tena kwa sauti ndogo. Lubna akatoka nje ya pazia, karatasi bado mkononi.

"Hilo neno maana yake nini?"

Hapo mtu mwenye akili angedanganya. Angesema ni jina la ua la Ulaya, yakaisha. Lakini wiki nzima alikuwa akikariri maana, na swali lilipokuja, kinywa kikajibu chenyewe: "Ni kusema jambo kuzidi lilivyo kweli, babu."

"Ahaa. Kuzidi kweli." Mzee Seifu akaishika fimbo yake. "Sisi hapa Buyenzi, mutu anayezidisha kweli tunamwita mwongo. Yaani mi, na mvi zangu hizi, nimeitwa mwongo mbele ya ukoo wangu. Bon. Khaled, simama. Chukua sinia, twende."

Khaled akasimama kama mtu anayeitwa kuzikwa, shavu bado limejaa. Nyuma ya pazia kilio kikamtoka Sijaona, kifupi, kikazibwa na kanga. Lubna alikisikia. Alijua kilio kile ni kazi ya mdomo wake yeye, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Wazee wakaanza kutafuta viatu vyao.

"Babu, ngoja!" Akajikuta amesimama mlangoni, njia ameziba. "Ngoja kwanza, nakuomba. Mwongo si anataka watu wamwamini?"

Mzee Seifu akasita, kiatu kimoja mguuni. "Ndiyo. Kisha?"

"Sasa wewe ulitaka tuamini kweli kwamba Khaled hajala mwezi mzima? Si tungekuwa tumeshamuzika! Na mwongo angemunyang'anya kwanza ile sambusa."

Macho yote yakamgeukia Khaled. Maskini alijaribu kumeza kwa haraka, sambusa ikakataa.

"Wewe hukusemea tumbo lake," Lubna akaendelea, machozi karibu. "Ulisemea moyo wake. Tena ulijua kwamba sisi tunajua. Huo si uongo, babu. Sisi darasani tunafundishwa na bado tunashindwa, wewe umekaa tu, ukaitoa. Ndiyo nikapiga kelele. Nilifurahi."

Mzee Seifu akamtazama Lubna. Akamtazama Khaled na shavu lake. Mabega ya kanzu yakaanza kutikisika, watu wakadhani ni hasira, kumbe mzee anacheka. Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Wallahi huyu mutoto!" Akavua kile kiatu, akarudi kukaa. "Khaled, rudisha sinia. Na umeze, bwana, usitufie hapa."

Alhamdulillahi, posa ikapona. Lakini subiri, kwa maana dawa nayo ikizidi ni sumu. Mzee Seifu akaupigapiga mkeka karibu na miguu yake, Lubna akae. "Sasa niambie. Lile la ua linaitwaje?"

"Metafori, babu."

"Me-ta-fo-ri." Akalimung'unya kama halua. "Na la pua kutushika mkono?"

"Personifikesheni."

"Eee! Na huyu Ramazani, yeye amepata gani?"

Basi tena. Baba mdogo Ramazani hakukubali kuachwa nyuma. Akasema binti yao ni taa, akitoka mle ndani mtaa mzima utalala giza. Mzee Seifu akasema wao hawakuja kuomba taa, wamekuja kuomba jua, na Khaled ameshanunua miwani. Wakashindana wazee wale, mmoja anatupa, mwenzake anadaka, na kila mara wanamgeukia Lubna kama refa. Juisi ya maracuja ikaisha kwenye jagi. Karatasi ikajaa upande wa kwanza, Lubna akaigeuza. Hakuwahi kuwa na raha kama ile.

Ndipo macho yake yakaangukia chini ya pazia. Palikuwa na vidole vya miguu, vimepakwa hina, vimesogea mpaka mwisho kabisa wa kitambaa. Vya Sijaona. Wazee walikuwa wamesema kila kitu chini ya mbingu, na hakuna aliyekwenda kumuuliza binti! Magharibi ilikuwa inaingia. Adhana ikilia bila jibu, wanaume watainuka kwenda msikitini, na posa itangojea siku nyingine. Na siku nyingine na mzee Seifu, nani ajuaye itakuwa na kikombe gani.

"Baba mdogo," akamvuta Ramazani shati, "jibu. Hamujamuuliza dada."

"Ngoja, ngoja, nimepata moja nzuri. Waungwana, binti yetu huyu ni..."

"Mi nakubali."

Sauti ilitoka penye pazia. Pazia likasogea, na Sijaona akaonekana, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi, macho chini. "Mi namupenda Khaled," akasema. "Nakubali anioe."

Shangazi Zaituni akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Binti anayeposwa, kusema! Tena kusema hivyo! Lubna akaiangalia fimbo ya mzee Seifu, akingoja iinuke. Haikuinuka. Mzee aliinama kwenye sikio la Lubna.

"Na hiyo inaitwaje?"

Lubna akatazama karatasi yake, mbele, na nyuma. "Hiyo sina jina lake, babu. Hiyo ni kweli tu."

"Kweli tu," mzee akarudia, akajifuta macho kwa mkono wa kanzu. "Basi Ramazani, huyu ametushinda sisi wote wawili. Inueni mikono, waungwana, tusome Fatiha."

Wakaisoma, na wanawake ndani wakapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Shangazi Zaituni, kwa furaha, akamsogezea Khaled sambusa zote zilizobaki. Khaled alikuwa hamtazami mtu mwingine isipokuwa Sijaona. Akachukua moja, akaing'ata, akatafuna weee, akairudisha kwenye sahani. Tonge halikupita kooni. Lubna akaona, akafungua mdomo, akakumbuka alichoombwa na dada yake, akaufunga.