Kituo cha Saba Hakikupinga

Jumanne, saa nne asubuhi, redio nne zilipangwa juu ya meza ndefu ya ukumbi wa mikutano, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye herufi, na wajumbe wa Kamati ya Kuchagua Redio wakaanza kuzichagua kwa rangi.

Fundi wa idara alisimama mwisho wa meza na mfuko wake wa betri. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa kwa uzi mweusi, na ofisi nzima ilimwita Bi Nyaya. Katika wajumbe wanne wa kamati, ni yeye tu aliyewahi kufungua redio akaona kilichomo. Wengine walikuwa Mwenyekiti, Mwanasheria na Afisa Ugavi. Pembeni aliketi Katibu, ambaye hakuwa mjumbe bali aliandika muhtasari, na aliandika kila kitu.

Redio hizo zilikuwa za wapima maji. Idara ilikuwa na vituo kumi na viwili kandokando ya mto, kila kimoja na kibanda cha mabati, nguzo yenye namba iliyosimikwa majini, na mtu mmoja wa kuisoma. Huko bondeni simu hazishiki. Kwa hiyo kila jioni saa kumi na mbili redio ya taifa husoma tangazo la mto kwenye mawimbi ya kati, yale yanayofika mbali, na mpima maji hutakiwa kusikiliza. Akisikia kwamba milango ya bwawa la juu inafunguliwa, awaamshe watu wa bondeni wapande mlimani, na yeye apande nao.

Miaka miwili nyuma tangazo lilisomwa mara tatu, kwa sauti ya kupendeza. Redio za wapima maji, ambazo kamati ya wakati ule ilizipenda kwa sababu zilikuwa na tochi, zilitoa chenga tupu, mkwaruzo usio na neno. Mpima maji wa kituo cha saba alikufa maji akiwa ameishika yake sikioni. Alikuwa mdogo wake Bi Nyaya, wa tumbo moja. Na sahihi ya nne kwenye karatasi iliyochagua redio zile ilikuwa ya Bi Nyaya mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa alasiri, kila mtu alitaka kwenda nyumbani, na Mwenyekiti alimwambia, "Weka hapo chini, mama, unatuchelewesha." Akaweka.

Safari hii alikuja amejiandaa.

"Hii inang'aa," alisema Mwenyekiti, akiinua redio B. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya fedha, na ukiibonyeza iliwaka taa za rangi tano zikikimbizana. "Wataipenda kule."

Afisa Ugavi aliivuta antena ya redio C mpaka mwisho, akaizungusha huku na huku kama mtu anayefukuza nzi, karibu amtoe Mwanasheria jicho.

"Hiyo antena ni ya FM," alisema Bi Nyaya. "Haina kazi kwenye mawimbi ya kati. Yale hudakwa na ufito mweusi uliolala ndani, uliozungushiwa waya. Ufito ukiwa mrefu, inasikia mbali. Ukitaka kulenga kituo, geuza redio yenyewe."

Afisa Ugavi aliirudisha antena ndani polepole, kama aliyekuwa anaipima tu.

Wakaziwasha zote. Zote nne zikaimba wimbo mmoja kwa sauti moja.

"Zote zinashika," alisema Mwenyekiti. "Tumemaliza."

"Mnara wa redio hiyo ni ule pale dirishani, Mwenyekiti. Hata sufuria ingeushika. Wapima maji wako kilomita mia nne, na vituo vya mbali huanza kuingia jua likizama. Tuzijaribu saa kumi na mbili."

"Jioni?" aliuliza Mwanasheria, kwa sauti ya mtu aliyetukanwa.

Walibishana mpaka chai ikaletwa. Mwishowe walikubali Alhamisi, na Alhamisi wakaja na nyuso za watu waliolazimishwa kwenda kwenye msiba wasioujua. Bi Nyaya alizima taa za ukumbi, kwa kuwa taa zile zilikuwa zikivuma ndani ya redio, akasogeza meza dirishani.

Redio A, iliyoimba Jumanne, safari hii haikuwaka kabisa. Redio B iliwasha taa zake tano na kukaanga chenga kama mafuta ya moto. Redio C ilionyesha namba ya kituo kwa tarakimu nzuri za kijani, na chini ya namba ile ikakaa kimya. Redio D ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, haina tochi wala urembo, na kitufe chake kilikuwa kigumu. Bi Nyaya alikizungusha kwa vidole viwili. Ikaingia habari ya nchi jirani. Ikaingia kwaya. Ikaingia bei ya pamba katika lugha ambayo hakuna aliyeijua hapo. Halafu, katikati ya kwaya na pamba, mtu akakohoa kidogo, akasema:

"Kituo cha saba hapa. Mita moja na robo. Maji yametulia. Hii redio inachenga tu. Nasubiri tangazo."

Alikuwa mdogo wake. Nyuma ya sauti yake maji yalisikika yakipita. Kituo cha saba hakikuwa na chombo cha kurushia matangazo, hakijawahi kuwa nacho.

"Mita moja na ngapi?" aliuliza Katibu.

"Na robo," alisema Bi Nyaya, akiushika ukingo wa meza. Kile kikohozi kabla ya namba alikijua tangu utotoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikohoa akiitwa na mwalimu asome mbele ya darasa. Alitamani kumuuliza kama amekula. Lakini redio ya kupokea ni ya kupokea, na yeye fundi alilijua hilo kuliko wote.

"Huyu si yule marehemu?" aliuliza Mwanasheria.

"Ndiye."

"Faili lake si tulilifunga?"

"Mlilifunga."

"Basi anaripoti kwa idhini ya nani?"

Mwenyekiti alipunguza sauti ya redio. "Kama ana shida, apitie kwa msimamizi wake wa kanda," alisema. "Jamani, hii D inaingiza mambo yaliyo nje ya ajenda. Mtumishi anapewa redio asikie tangazo, sasa hii inamsikizisha na visivyomhusu. Mimi napendekeza B."

"Naunga mkono," alisema Afisa Ugavi.

"Mimi sisaini," alisema Bi Nyaya. Alikuwa ameifungua B tangu asubuhi. Akaibandua kifuniko mbele yao, akawaonyesha ufito wake, mfupi kama njiti ya kiberiti. "Hii ni ileile ya mwaka juzi. Wamebadilisha ganda."

"Ganda ni zuri," alisema Mwenyekiti.

"Ndugu yangu yuko hapo anawaambia inachenga!"

"Tumemsikia, mama. Tulia."

Kanuni ilidai kauli nne. Mwanasheria alipekua kitabu, akalamba kidole, akapekua tena, na kwenye kurasa za mwisho akapata alichokitaka: mjumbe akikataa, nafasi yake yaweza kujazwa na mwakilishi wa watumiaji, mradi yupo na ameulizwa. Kamati ikaangaliana. Mwenyekiti akajikohoza, akainamia redio D.

"Kituo cha saba, kamati inapendekeza redio aina B. Una pingamizi?"

Maji yakapita. Katibu akahesabu kumi kwa saa ya mkononi.

"Hakupinga," alisema Mwanasheria.

"Hakusikii!" alisema Bi Nyaya.

"Wajibu wetu ni kumuuliza. Kusikia ni wajibu wake."

"Nasubiri," ilisema redio.

"Anasubiri," alisema Mwenyekiti, akifungua kalamu. "Tusimcheleweshe."

Katibu akaandika kwamba kituo cha saba hakikupinga. Ilikuwa kweli, kama muhtasari wote ulivyokuwa kweli.

Wiki ya pili redio kumi na mbili aina B zilipakiwa kwenye lori la idara, na Bi Nyaya akapanda kwa dereva, kwa kuwa fundi hutakiwa kuzikabidhi. Chini ya gunia la betri alikuwa ameificha D. Hakuomba ruhusa. Angeomba, wangeunda kamati. Alitamani ziwe kumi na mbili, lakini ilikuwa hiyo moja. Njiani, kila kituo, aliwaambia wapima maji vilevile: redio hii isiwadanganye kwa taa zake, mkiona maji yamebadilika rangi, pandeni mlimani, msingoje kuambiwa. Waliitikia kwa vichwa. Wengine walikuwa tayari wanaonyeshana taa.

Kituo cha saba alimkuta mwanamke mfupi mwenye mapacha wa miaka mitatu, aliyechukua kazi baada ya marehemu.

"Dada, mbona mimi nimepewa mbili?"

"Hii ndogo waonyeshe wakaguzi. Hii nyeusi ndiyo ya kusikiliza."

Jua lilikuwa linazama. Wakaiweka juu ya kigoda mlangoni, wakaigeuza mpaka redio ya taifa ikaingia safi, kila neno. Pembeni kidogo ya redio ya taifa, mtu akakohoa, akasoma namba.

"Huyu nani?" aliuliza yule mwanamke.

"Mdogo wangu. Kazi hii ilikuwa yake."

Mwanamke akaenda mtoni, akaitazama nguzo, akarudi. "Anasoma sawasawa," alisema. Akatoa kigoda cha pili ndani, akakiweka karibu na kile chenye redio, kisha akaendelea kuwalisha mapacha. Bi Nyaya alikaa pale mpaka dereva akapiga honi mara tatu. Hakulia. Alimsikiliza tu mdogo wake akisema mita moja na robo, na akaona amepoa moyo kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile.

Mwezi wa nne mvua ilikuja na milango ya bwawa ikafunguliwa. Tangazo lilisomwa mara tatu, kwa sauti ileile ya kupendeza. Vituo sita vya juu, na cha nane na cha kumi na mbili, viliyaona maji yamekuwa mekundu, wapima maji wakakumbuka waliyoambiwa, wakapanda. Kituo cha saba kililisikia tangazo. Mwanamke mfupi alijifunga pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akapita nyumba kwa nyumba akigonga sufuria, na watu arobaini na watatu wakafika mlimani wakiwa hai. Cha tisa, cha kumi na cha kumi na moja maji yalifika yakiwa bado safi, kwa kuwa mafuriko huko hutanguliwa na maji ya vijito. Wapima maji watatu walikuwa wamekaa vibandani na redio zao zinawaka rangi tano. Idadi ya watu waliokwenda nao bado inahakikiwa na idara.

Taarifa ilitoka kabla matope hayajakauka. Ilisema kituo cha saba kilipokea tangazo kikamilifu, na kwamba kwa hiyo ubora wa redio aina B umethibitika. Iliagiza nyingine kumi na mbili.

Bi Nyaya aliingia ofisini kwa Mwenyekiti bila kubisha hodi.

"Kituo cha saba kilisikia kwa D. Mimi ndiye niliyeipeleka."

"Kwenye orodha ya makabidhiano, kituo cha saba kina B. Sahihi yako hii hapa."

"Nakwambia ni D!"

"D imepotea, mama," alisema Mwenyekiti kwa upole, akamsogezea barua. "Umeipoteza wewe. Nimekuandikia onyo. Soma taratibu, hakuna haraka."

Aliisoma pale pale. Ilikuwa imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja la herufi. Akaikunja, akaondoka nayo.

Mwezi wa tano dereva wa lori alimletea salamu na daftari kutoka kwa yule mwanamke wa kituo cha saba. Kila jioni, alieleza dereva, sasa wanasikika wanne. Huanza mdogo wake Bi Nyaya, halafu cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja, na hawakatizani. Mwanamke alikuwa ameziandika namba zote kwa mwandiko mkubwa wa kishule.

"Mdogo wangu anasemaje?" aliuliza Bi Nyaya.

"Anawafundisha. Namna ya kuisoma nguzo maji yakiwa ya matope. Yule wa kumi anakosea sana, lakini ndugu yako ana subira. Anamwambia, 'Rudia, bwana, haina neno.'"

Bi Nyaya alicheka, kicheko kifupi kilichomshtua mwenyewe, kisha akageukia dirisha akasafisha miwani kwa muda mrefu.

Kwa kuwa kila daftari la kituo hupitia kwa Afisa Utumishi, hili nalo lilimfikia, akalikagua ukurasa kwa ukurasa. Namba zilikuwa sahihi. Hakukuwa na siku ya ugonjwa, wala likizo, wala mtu kuchelewa. Alifurahi sana. Wapima maji wa zamani, aliwaambia wenzake, hawakuwahi kuwa na mahudhurio ya namna hii. Akaamuru nafasi za vituo vya tisa, kumi na kumi na moja zisitangazwe, kwa kuwa zina watu, na akaandika barua tatu za kuwathibitisha kazini.

Dereva alizipeleka safari iliyofuata. Hakukuta vibanda, kwa hiyo kila barua aliiweka ukingoni, pale nguzo iliposimama, akaikandamiza kwa jiwe isipeperuke, na kando ya kila jiwe akaacha redio mpya aina B ndani ya boksi lake.