Daktari wa Koleo

Mimi nilimgeuza daktari wa meno kuwa fimbo ya kulelea. Mtoto akikataa kupiga mswaki: "Haya, nakupeleka kwa daktari wa koleo!" Akililia peremende: "Ngoja, daktari wa koleo anakuita!" Kitindamimba wangu alikuwa ananywea papo hapo, nami narudi kwenye cherehani yangu roho kwatu. Mwenyewe naogopa madaktari wa meno kuliko chatu. Nikipita mbele ya zahanati yao navuka barabara. Lakini hilo nani alimwambia?

Wiki ile nikaona karafuu zinapungua kwenye kopo la jikoni. Nikamnusa mtoto mdomo, nikamfokea weee! "Mdokozi mkubwa, umekosa cha kutafuna?" Chakula akawa anakitafuna upande mmoja, polepole, nikasema anadeka.

Wifi yangu alikuja dukani kujaribu gauni lake. Alipomwona mtoto akamshika kidevu. "Wifi, una macho kweli wewe? Shavu la mtoto limeumuka hivi!"

Nikaligusa. La moto. "Mbona hukuniambia?" nikamuuliza mtoto.

"Ungenipeleka kwa koleo," akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikafunga duka, gauni la watu likabaki na pini zake, tukaenda. Daktari alikuwa dada mdogo tu, mwenye sauti ya chini. "Mdogo wangu, nichungulie kidogo?" Mtoto akafumba mdomo, akanikodolea macho. Nami nilikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Mama, sogea basi," daktari akasema. "Anakutazama wewe."

Nikajikongoja, nikachuchumaa kando ya kiti. "Mama alikutisha bure," nikamwambia. "Mama ndiye mwoga. Humu ndani sijui hata wanafanyaje." Daktari akampa kioo chake kidogo akishike, akakigeuzageuza. Kisha akafungua mdomo.

Kazi ilikuwa imeshaharibika. Gego lilikuwa limeoza hadi kwenye mzizi, limetunga usaha.

"Lilipoanza kuuma ningeliziba," daktari alinieleza pembeni. "Sasa ni kung'oa. Na hili ni la utu uzima, mama, halioti lingine."

"Hakuna namna yoyote?"

"Hakuna."

Ana miaka tisa, na pengo hilo atazeeka nalo kwa sababu ya mdomo wangu. Nikarudi kumweleza mwenyewe, bila kuficha kitu. Kuna sindano ya ganzi, nayo inauma. Kisha jino linavutwa, na ndiyo, kinachovuta kinafanana na koleo. Akafikiri.

"Nikilia utanisema?"

"Lia, mwanangu. Lia mpaka uchoke. Leo hakuna wa kukusema."

Hakulia. Sindano ilipoingia alikunja vidole vya miguu, basi. Jino likatoka, na hata kuguna hakuguna. Mimi ndiye niliyekuwa nabubujikwa na machozi, kanga yote imelowa.

"Shujaa gani huyu!" Daktari alikuwa anacheka, anampangusa kidevu. "Watu wazima wananipigia kelele humu. Nani kakufundisha kuvumilia hivyo?"

Mdomo ulikuwa umejaa pamba, hakuweza kujibu. Akaninyooshea kidole.