Roland Hukaa Mbele

Jumamosi ya mwisho ya Aprili, saa tatu asubuhi, Solveig Hedman aliingia kwenye ghala la jirani yake Arvid akiwa amekumbatia betri. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na kuiosha chumvi yote iliyomwagwa barabarani wakati wa barafu, kwa hiyo sasa gari lingeweza kutoka bila kuliwa na kutu. Lilikuwa Volvo Amazon la mwaka 1963, la buluu iliyopauka, ambalo mdogo wake Roland alilinunua likiwa kuukuu kwa mishahara yake ya kwanza ya kiwanda cha chuma. Tangu Oktoba lilikuwa limelala juu ya stendi nne, na magazeti yametandikwa chini yake ili yanyonye oili.

Solveig aliinua boneti kwanza, akatazama kama panya wamezaa kwenye kichujio cha hewa. Hawakuzaa. Akafunga betri, akapima oili, akajaza upepo, kisha Arvid akaja na jeki wakaliteremsha gari chini. Mwisho wakalivuta turubai lililofunika sehemu ya abiria.

Roland alikuwa ameketi kiti cha mbele, amejifunga mkanda, kama kila mwaka. Alikufa mwaka 1988.

"Baridi ilikuwaje?" Arvid akamuuliza.

"Ndefu," Roland akasema.

"Huku juu nako usiseme."

Solveig akammiminia kahawa kutoka kwenye chupa. Roland hakuwa akinywa, lakini alipenda kukishika kikombe. Alikuwa bado na miaka ishirini na tisa, ndani ya ovaroli ya kiwanda, na mkono wa kulia wa ovaroli hiyo ulining'inia mtupu, kwa sababu mkono wenyewe ulibaki kwenye mitambo ya kukandamiza chuma. Kila mwaka alikaa garini toka mvua za Aprili hadi chumvi ya kwanza. Kutoka nje hakuweza. Jumamosi Solveig alimpeleka ziwani au kwenye kioski cha soseji, na wenzake wa zamani, sasa wazee wa mikongojo, walimsalimu dirishani na kumpa matokeo ya mpira wa magongo.

Na kila mwaka Solveig alimgombeza. Ripoti ya kiwanda ilisema kwamba Roland mwenyewe aliuondoa wavu wa usalama, ule unaozuia mikono isiingie kwenye mitambo, ili amalize zamu mapema. Mama yao aliiamini. Wiki moja baada ya mazishi alioka keki, akaipeleka kiwandani, akawaomba radhi wasimamizi kwa siku mbili ambazo mitambo ilisimama. Waliila. Mama alikufa na aibu hiyo, na Solveig aliirithi pamoja na gari.

Asubuhi hiyo, Solveig alipokuwa akiyakusanya magazeti yaliyolowa oili, Roland aliomba moja asome. Akalikunjua juu ya goti kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa la Oktoba, na ndani yake kulikuwa na habari kwamba halmashauri ya mji itaipa njia ya kando ya mto jina la Mhandisi Hallgård, ambaye katika miaka yake yote kiwandani hakupatwa na ajali ya kifo ila moja, iliyoletwa na uzembe wa mfanyakazi.

"Dada," Roland akasema, "hapa wamedanganya."

"Wapi?"

"Wavu sikuutoa mimi. Ulitolewa Jumatatu. Mimi nilikufa Alhamisi."

Solveig aliyaweka magazeti chini. "Ulitolewa na nani?"

"Fundi alifungua nati, lakini amri ilitoka kwa Hallgård. Alisema unachelewesha mabamba. Tulikuwa watu sita pale, wote tulisikia."

"Miaka thelathini na moja, Roland. Miaka thelathini na moja nakuendesha humu ndani. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza lini? Ukishatia gia ya kwanza tu, mahubiri yanaanza. Nikasema mwache, ana uchungu wake."

Arvid alikwenda kuangalia kitu nyuma ya ghala. Solveig alisimama ameshika mlango wa gari. Zile hasira zote alizokuwa amemlimbikizia mdogo wake zilimwacha Roland siku hiyo, wala hazikupungua hata chembe. Zilibadili anwani tu.

Jumatatu akampeleka kwenye ofisi ya usalama kazini. Kwa kuwa Roland hakuweza kushuka, ofisa alimfuata maegeshoni na ubao wa kuandikia. Alikuwa binti mpole aliyeitwa Ebba. Alisikiliza dakika arobaini akiwa amechuchumaa kwenye dirisha, akaandika kila neno, akamsomea Roland alichoandika na kumuuliza kama kiko sawa.

"Kiko sawa," Roland akasema.

"Maelezo ya marehemu yanapokelewa," Ebba akamweleza Solveig. "Tatizo ni muda. Alipaswa kukata rufaa ndani ya miaka minne."

"Alikuwa kaburini."

"Naelewa. Lakini sheria haina kifungu cha hilo. Na hao mashahidi watano?"

"Watatu wamekufa. Wawili hawakumbuki hata majina ya wake zao."

Ebba akaandika na hilo pia.

Kutoka hapo Solveig aliendesha moja kwa moja hadi kwa Hallgård, akaegesha mbele ya uzio. Mhandisi, mzee wa miaka themanini na saba, alikuwa akipunguza matawi ya mitofaa. Akaja hadi dirishani, akanyoosha mkono wa kulia, akakumbuka, akanyoosha wa kushoto. Roland akaupokea, maana alilelewa vizuri.

"Hedman. Umebaki kijana."

"Ndiyo, mhandisi."

"Wavu ulitolewa kwa amri yako," Solveig akasema.

"Ndiyo," Hallgård akajibu. "Ulikuwa unatupotezea tani ishirini kwa wiki. Ningeandika hivyo kwenye ripoti, wangekifunga kiwanda. Watu mia nne wangekosa kazi."

"Kilifungwa miaka mitano baadaye."

"Kweli. Lakini hilo sikulijua wakati ule."

"Mama yetu alikuletea keki."

Hallgård alifikiri kidogo. "Ya limau," akasema. "Mama mstaarabu sana yule." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akalitazama gari toka taa za mbele hadi za nyuma, akauliza kama rangi ile ni ya awali.

Solveig akatia gia akaondoka. Roland alitazama mashamba, na ule mkono mtupu wa ovaroli ulikuwa ukipepea kwenye upepo wa dirisha.

Barua ya ofisi ilifika wiki ya tatu ya Mei. Solveig alimsomea Roland ndani ya gari, bahasha ikiwa mkononi mwa Roland. Maelezo yamepokelewa na kuhifadhiwa. Chanzo cha kifo kinabaki kama kilivyoandikwa: uzembe wa marehemu. Ofisi inamshukuru marehemu kwa ushirikiano wake.

"Rudia hapo pa uzembe," Roland akasema.

Akarudia. Roland akatikisa kichwa polepole, akamrudishia bahasha.

Njia ya mto ilifunguliwa tarehe sita Juni, siku ya taifa. Solveig alifika mapema akaegesha hatua kumi kutoka kwenye kibao. Watu walipita wakimsalimu Roland. Hallgård alivaa suti ya kijivu. Mwenyekiti wa halmashauri alipofunua karatasi ya hotuba, Solveig alizima injini, akaweka viganja vyote viwili juu ya honi, akaibana.

Hakuachia. Mwenyekiti alisubiri, kisha akasoma hotuba yote ukurasa kwa ukurasa, midomo ikicheza bila kusikika neno. Watu walipiga makofi walipomwona amekunja karatasi. Hallgård akakata utepe. Honi ilianza kukwaruza, ikafifia, ikanyamaza. Betri ilikuwa imekwisha.

Solveig alizungusha ufunguo mara tatu. Kimya. Basi watu, kwa kuwa ni watu wema na gari lilikuwa limeziba njia, wakalizunguka nyuma na kuweka mikono kwenye buti. Mwenyekiti wa halmashauri alikuwamo, na Ebba wa ofisi ya usalama, na Hallgård aliyemkabidhi mtu koti lake ili lisichafuke.

"Gia ya pili, Solveig," Hallgård akamwelekeza kwa sauti. "Klachi uiachie tukishashika mwendo."

Solveig akakanyaga klachi. Roland aliwatazama kwenye kioo cha pembeni, wote wakisukuma.

"Mhandisi anasukuma kwa nguvu," akasema.

"Ndiyo," Solveig akajibu, akaachia klachi.