Pilipili za Baba Kawira

Mashada ya pilipili nyekundu yalining'inia ukutani nje ya jiko, makavu, yakichakarisha kila upepo ulipopita, na Kinanu alisimama mbele yake mikono ikiwa nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa vya wageni. Tangu wahamie Isiolo hakuwahi kuyagusa. Alikuwa akiyapita akienda kuchota maji, akiyapita akirudi, na mwaka mmoja yalipoangushwa na mvua aliyaacha matopeni hadi mumewe, mwenye pilipili, aliporudi kutoka kazini kuyaokota. Sasa mwenyewe alikuwa amelala ndani, upande wake wa kulia umekufa ganzi, ulimi umemfunga asiweze kusema, na kinywa amekifumba kwa kila kijiko kinachosogezwa. Hicho ndicho kilichomtoa Kinanu nje asubuhi ile.

Mumewe, Ntongai, alikuwa daktari wa mifugo. Katika ujana wake alipelekwa kusoma Hungaria, nchi ambayo Kinanu aliijua kwa jina na kwa baridi yake tu, na alirudi na shahada, koti zito lisilo na kazi Isiolo, na mbegu za pilipili alizozifungia ndani ya soksi. Alirudi pia na tabia. Kila Jumapili baada ya ibada, mtu mzima huyo, tena wa serikali, alikunja mikono ya shati, akawasha moto uani na kupika. Alining'iniza sufuria ya chuma kwa mnyororo juu ya nondo tatu, akayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo aliyoyanunua kwa Galma mwenye bucha, akakaanga vitunguu hadi vikalainika kabisa, kisha akatia pilipili zake zisizowasha, alizozipanda mwenyewe shambani kule Burat na kuzitwanga kwa kinu chake mwenyewe, maana cha mkewe alinyimwa. Nyama ya muundi ilifuata, ikachemka taratibu hadi alasiri. Aliita chakula hicho gulashi. Alisema ni chakula cha wachunga ng'ombe wa huko, na kwamba kama kuna mji Kenya nzima ambao ungekielewa, basi ni huu.

Majirani wa mtaa wao wa Wabera walikielewa kwa namna yao. Wanawake walipita uani wakiwa hawana safari yoyote, ilimradi tu wamwone daktari akikoroga, na walipofika mbali kidogo vicheko viliwatoka. Kinanu alivisikia vyote. Kwao, kule milimani Umeruni, mwanamume aliyetahiriwa haingii jikoni. Wanaume wakichinja porini huchoma wenyewe na kula wenyewe, na mwanamke mwenye adabu hasogei wala haulizi. Basi gulashi ya mumewe aliipima kwa kipimo hicho hicho. Hiyo ilikuwa nyama ya wanaume, na kumheshimu mumewe ni kukaa mbali nayo.

"Onja kidogo, Mama Kawira," Ntongai angesema, akimwita kwa jina la mtoto wao, akiwa mlangoni na mwiko mkononi.

"Nimeshiba."

Alijibu hivyo hata siku ambazo tumbo lilimnguruma na harufu imejaa nyumba nzima. Ukitaka kujua uvumilivu wa mwanamke, usimuulize juu ya uchungu wa uzazi, muulize juu ya harufu ya nyama aliyoikataa.

Lakini adabu ilikuwa nusu tu ya habari, na Kinanu alijua. Nusu ya pili ilikuwa wivu. Mwanzoni mwa ndoa alimuuliza nani aliyemfundisha kupika, naye Ntongai akatazama chini, akatabasamu, akasema, "Mtu mmoja wa huko." Mke gani asiyelijua tabasamu la namna hiyo? Halafu kulikuwa na sahani. Kila Jumapili, kwa nyuma ya pazia, Kinanu alimwona mumewe akipakua sahani mbili na kuziweka juu ya kreti, moja mbele yake, nyingine upande usio na mtu. Akaketi akiitazama ikitoa mvuke. Kinanu hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Alifunga pazia, na kila Jumapili moyo wake ulifunga mlango zaidi kidogo.

Mwaka wa themanini na nne mvua zilikataa kabisa. Ng'ombe walikuja kutoka Sericho na kwingineko wakipepesuka, wakajazana katika mazizi ya serikali nje ya mji, na Ntongai alishinda nao jua zima akichagua wa kuokoa na wa kuacha. Siku moja alianguka katikati yao. Hospitalini walisema ni kiharusi. Baadaye wakasema arudishwe nyumbani, alishwe apate nguvu, kwa kuwa asipokula hakuna dawa itakayomsaidia. Kinanu akapika uji, akachemsha maziwa, akachinja kuku wake wa mwisho. Ntongai alifumba kinywa. Mashavu yalibonyea, pete ya ndoa ikawa inamtoka kidoleni.

Kisha dereva wa gari la miraa akaleta ujumbe kutoka kwa M'Ikiara, kaka yake Ntongai. Jumapili atakuja na gari amchukue ndugu yake. Mtu hufia kwao.

Kinanu alielewa kila kilichokuwa ndani ya maneno hayo. Ntongai akipakiwa kwenye gari hilo hatarudi, kwa sababu kule hawangempeleka kulishwa, wangempeleka kungojewa. Na yeye angebaki akiitwa mke aliyeshindwa kumlisha mumewe. Lakini aibu hiyo haikumuuma kama alivyodhani ingemuuma. Kilichomuuma ni kwamba hakutaka aende. Alishangaa kulikuta jambo hilo limekaa moyoni mwake, bado zima, baada ya Jumapili zote zile.

Lokorio ndiye aliyemsukuma. Alikuwa Mturkana mrefu, mlinzi wa mazizi, rafiki wa Ntongai aliyekuja kila Jumapili kula naye sahani moja, na sasa alikuja kila siku kumgeuza mgonjwa kitandani.

"Mama Kawira, unampea nini?"

"Uji. Maziwa. Mchuzi wa kuku."

"Hiyo ni chakula ya mgonjwa," Lokorio alisema. "Na huyu hajakubali kwamba yeye ni mgonjwa. Mpikie ile yake ya Jumapili."

"Siijui."

"Hata mimi siijui. Mimi nilikuwa nakula tu."

Ndiyo maana Kinanu alisimama mbele ya ukuta ule. Yalibaki mashada mawili, kwani shamba la Burat lilikauka pamoja na kila kitu. Alipiga moyo konde, akatungua moja.

Lokorio alimbeba Ntongai, akamkalisha uani kwenye kiti chenye mikono. Kinanu alifanya kama alivyokumbuka kutoka nyuma ya pazia. Mafuta yalianza kulia, vitunguu vikalainika. Alipoinua bakuli la pilipili zilizotwangwa, mkono wa kushoto wa Ntongai ulipiga kiti. Ukapiga tena, kwa nguvu, na kooni mwake ikatoka sauti ya kukataa.

Kinanu alimtazama. Hasira ya miaka yote ilimpanda. Kumbe hata sasa, hata akiwa hoi namna hii, hataki kitu cha mwanamke yule kishikwe na mkono mwingine! Akaimwaga pilipili yote katika mafuta yanayochemka. Kabla hajakoroga mara ya pili, wekundu ulikuwa umegeuka kahawia na moshi mkali ukawakohoza wote. Akatia nyama hivyo hivyo, kwa ukaidi. Alasiri alipomsogezea kijiko, Ntongai aligeuza uso. Lokorio alionja, akatema pembeni.

"Imeungua, Mama. Ni chungu kama dawa."

"Basi nimegusa cha wenyewe!" Kinanu alitupa kijiko. "Amwite huyo mwanamke wake wa Hungaria aje ampikie. Si kila Jumapili anamwekea sahani?"

"Sahani gani?"

"Ile ya pili. Usijifanye hujui, Lokorio, wewe ulikuwa unakaa hapo hapo."

Lokorio alimtazama rafiki yake kana kwamba anamwomba ruhusa.

"Hiyo sahani ni yako, Mama," alisema. "Daktari anapakua, anangoja. Anaangalia mlango. Ikipoa ananiambia, Lokorio, kula, leo pia ameshiba."

Kinanu alikaa chini juu ya kinu. Alihesabu moyoni si Jumapili, maana hizo zisingehesabika, bali kila "nimeshiba" aliyoitamka akiwa na njaa, akidhani anampa mumewe heshima. Na mwanamume huyu, aliyekuwa ameishi kwa watu wengine mpaka akajifunza heshima ya aina nyingine, alikuwa akiketi nje akihesabu kitu kile kile kama dharau. Hakuna aliyekosa adabu. Ndilo lililokuwa baya zaidi.

Jioni, Lokorio alipoondoka, aliketi kando ya kitanda. Walikuwa wameshaafikiana ishara: kufumba macho ni ndiyo.

"Sahani ilikuwa yangu?"

Macho yalifumba, yakafumbuka.

Angeweza kuishia hapo. Mwenye busara angeishia hapo. Lakini kidonda kilichokaa muda mrefu hivyo huwezi kukifunika kabla hujakitazama.

"Na huyo aliyekufundisha. Alikuwa mwanamke?"

Ntongai alimtazama. Aliendelea kumtazama mpaka Kinanu akadhani hakusikia. Kisha macho yakafumba, taratibu, na chozi likapita kuelekea sikioni.

Kinanu alikuwa ametumaini kwamba ukweli mmoja ungefuta mwingine. Haukufuta. Vyote viwili vilikaa naye pale kitandani, sahani iliyokuwa yake na mwanamke aliyekuwapo kweli, na hakujua akitazame kipi kwanza. Alimfuta mumewe chozi kwa ncha ya leso, si kwa upole sana, akaenda kulala.

Jumapili hakwenda kanisani. Alitungua shada la mwisho, akalitwanga kwa kinu chake mwenyewe. Lokorio alimtoa Ntongai nje na kuwasha moto. Mafuta yalilia, vitunguu vikalainika, na Kinanu alipoinua bakuli, mkono wa kushoto ulipiga kiti.

Safari hii alisimama.

"Ni vitunguu?" Mkono ulipiga. "Ni mafuta?" Ukapiga. Kinanu aliweka bakuli chini, akafuata macho ya mumewe yalikokuwa yakitazama. Hayakuwa yakitazama sufuria. Yalikuwa yakitazama moto. Akachukua matambara mawili, akaitungua sufuria kutoka kwenye mnyororo na kuiweka mchangani.

Mkono ukatulia.

Akamwaga pilipili sufuriani hapo chini, mbali na moto, akakoroga, na wekundu ukafumuka ukameza kila kitu. Harufu iliyokuwa ikimjia kupitia pazia ikamjia usoni. Ndipo alipotia maji kidogo na nyama, akairudisha sufuria juu. Alitamani mtu amwone. Kisha akaona haya kwa kutamani hivyo.

M'Ikiara alifika nyama ikiwa imeiva. Alikuja kwa Land Rover ya kukodi, akamwambia dereva asizime injini, akaingia uani na fimbo yake.

"Mama Kawira. Umemweka mgonjwa juani?"

"Karibu, shemeji. Yuko kivulini. Ngoja ale kwanza."

"Nimeambiwa hali kitu."

"Ngoja."

M'Ikiara aliutazama moto, akamtazama Mturkana aliyechuchumaa kando, akamtazama ndugu yake. Alikuwa mtu wa haki, si katili, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imechoka. "Mama, tusimtese. Mama yetu ameshatandika kitanda. Gari linangoja."

Kinanu alichota kijiko, akakipuliza, akakisogeza. Ntongai alifumba kinywa. Akasogeza tena. Mkono wa kushoto uliinuka, ukamshika kiganja na kukisukuma nyuma.

"Unaona?" M'Ikiara alisema kwa upole. "Amekataa. Hebu tumbebe."

Lakini mkono ule haukuwa umeachia. Uliendelea kusukuma, dhaifu, bila kukoma, hadi kijiko kikageuka na kuelekea kwa Kinanu. Akaelewa. Uso ukamwaka moto. Tangu aolewe hajawahi kutafuna hata njugu mbele ya kaka wa mumewe, na sasa alitakiwa ale nyama ya wanaume, uani, mchana, shemeji mwenyewe amesimama na fimbo.

"Mama Kawira," M'Ikiara alisema. Lilikuwa onyo.

Kinanu alikula.

Ilikuwa tamu. Wala haikuwa tamu ya kumshangaza. Ilikuwa na utamu wa vitunguu na ladha nyingine nyuma yake, nzito, yenye moshi kidogo, na alijua papo hapo kwamba angeipenda tangu mwaka wa kwanza. Alitafuna taratibu, machozi yakimtiririka, na hakuyafuta. M'Ikiara aligeuza uso. Kinanu alimeza, akachota kijiko kingine, akakisogeza.

Ntongai alifumbua kinywa.

Alikula vibaya. Mchuzi mwekundu ulimchirizika upande ule uliolala, ukadondoka shatini, na kumeza kulimchosha kama kupanda mlima. Alikula hata hivyo. Kijiko chake, kisha cha mkewe, kisha chake. Kila mara mkewe akisahau zamu yake, mkono ulimkumbusha. M'Ikiara alibaki amesimama, akaegemea fimbo, na hakusema tena habari ya kitanda.

"Baba Kawira," Kinanu aliuliza kwa sauti ya chini, ya mtu na mumewe. "Ya kwake ilikuwa hivi?"

Kichwa cha Ntongai kilitikisika, kidogo, huku na huku. Hapana. Kinanu aliyachunguza macho yale ajue kama ya yule ilikuwa bora au ilikuwa mbaya zaidi. Hakuona kitu ila njaa.

Nyuma yake alisikia M'Ikiara akitembea kuelekea barabarani, akimwambia dereva kwa Kimeru azime gari. Kinanu alichota tena.