Matusi Pembeni mwa Kitabu

Bibi aliniita niandike wosia wake kwa sababu kati ya wajukuu wote, mimi ndiye niliyesomea sheria. Lakini haniiti mjukuu. Tangu nikiwa mtoto ananiita mke mwenza, na hata babu alipofariki hakunivua cheo hicho.

Tulikaa jikoni, yeye na kishikwambi chake cha maandishi makubwa, mimi na kalamu. Cherehani ilikwenda kwa shangazi. Kabati la vyombo kwa baba mdogo, ili hatimaye aitengeneze ile bawaba aliyoiahidi miaka sita. Kisha akasema riwaya zake zote za mapenzi zilizomo kwenye kishikwambi, mia moja na arobaini, ni zangu.

Kalamu ikasita. Nilikuwa nimeshasoma masharti ya lile duka la mtandaoni. Nikamweleza taratibu, macho mezani: hakuuziwa vitabu, aliuziwa ruhusa ya kusoma, na ruhusa hiyo haigawiwi wala hairithiwi. Siku ile ikifika, inakwisha.

"Siku ipi? Sema tu, neno haliui."

"Ukifa, Bibi."

Akavua miwani. Kitufe alichobonyeza, alisema, kiliandikwa "nunua", na kuona anaona. Yeye mwenyewe kauza kuku miaka ishirini. "Mteja wangu akifa, niende msibani kudai manyoya?"

Nilicheka, halafu machozi yakanilenga. Mapenzi ya kwenye riwaya zile sikuyataka. Nilitaka maneno aliyokuwa akiandika pembeni kwa kidole kimoja: "Mwanamume huyu muongo." "Hapa mama mkwe kasema kweli." Yote yangezimika pamoja naye. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ndogo.

Akavaa tena miwani.

"Hadithi ni zao, wachukue," akasema. "Matusi ni yangu. Lete daftari."

Tukaanza mchana uleule. Yeye alisoma aliyoyaandika, mimi nikayanakili na jina la kitabu na ukurasa. Kwenye wosia nilifuta "vitabu", nikaandika: matusi yangu yote namwachia mke mwenzangu.

Katika riwaya ya kwanza, ukurasa wa arobaini, binti anashindwa kumjibu kijana anayempenda, anakimbilia jikoni. Bibi alisoma ya pembeni bila kuniangalia: "Mke mwenzangu huyu. Atazeeka na masufuria."

"Na hilo niandike?" nikauliza.

"Hilo liandike kwa wino mwekundu."