Mshale Uliolala Sabini

Kitu nilichokifunga mimi hakivuji na hakidanganyi. Uliza Ifakara yote, uliza na wakulima wa Mofu ambao pampu zao za maji nimezifunga mpaka zikawa kama zinanisalimia. Na kuhusu uoga, huo niliuacha kidato cha pili pamoja na hesabu.

Hayo ndiyo niliyomwambia dada Balbina siku aliyoleta gari lake la mashindano gereji kwangu. Hakucheka. Msimu uliopita kaka yake, Evod, alikuwa akiendesha gari hilohilo kwenye njia ya mbio ambayo vijana wameichonga kule Michenga, kuzunguka mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa. Oili ya giaboksi ikachemka bila mtu kujua, giaboksi ikakwama ghafla kwenye kona ya mfereji, gari likabiringika. Evod mpaka leo anatembelea magongo.

“Mbio ni Jumapili,” Balbina akasema. “Siirudii ile kona bila kujua oili ina joto gani. Nifungie sensa ya joto, Frido, na geji yake.”

“Dada, hiyo naifunga huku natafuna muhogo.”

Na kweli nilitafuna. Nikamwaga oili, nikatoa boliti ya chini ya giaboksi, nikaizungushia sensa ule utepe mweupe wa mabomba kwenye hesi zake, ile mistari ya kukazia, raundi kwa raundi, kama ninavyofanya kwenye pampu, nikaikaza mahali pa boliti. Nikajaza oili mpya. Hata tone halikudondoka. Geji nikaibandika upande wa abiria, kwa kuwa upande wa dereva palikuwa pamejaa.

Balbina akaitazama. “Sasa mimi nitaionaje nikiwa mbio?”

“Si utageuza shingo.”

“Utakaa wewe hapo. Utanisomea. Ikifika mia na thelathini, sema, nisimame.”

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Tulipokwenda Michenga kulijaribu gari, tulimkuta Mama Marsiana, mwenye nyumba iliyo karibu na mfereji, akigeuza mpunga wake kwenye turubai.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Ndio nyie mnaokuja kunitilia vumbi kwenye mpunga?”

“Tutapita taratibu, mama,” nikasema. Balbina alikuwa tayari amefunga mkanda.

Mzunguko wa kwanza niliufurahia. Mshale ulipanda mpaka sabini ukatulia hapo kama mzee wa kanisa.

“Inasemaje?”

“Sabini, dada. Hii oili inasinzia.”

Akaongeza mwendo. Mzunguko wa pili tukaingia kona ya mfereji, nikaona ukingo wa udongo uliokwanguliwa siku ile ya Evod, na vipande vya kioo cha taa bado viko kwenye majani. Nikajishika kwenye mlango. Nilijiambia ni kwa sababu ya makorongo.

“Inasemaje?”

“Sabini.”

Mzunguko wa tatu mguu wangu wa kulia ukaanza kuungua. Nilikuwa na kandambili, na bati lile la katikati, linalofunika giaboksi, lilikuwa la moto kama kikaango. Nikausogeza mguu. Ikaja harufu, ile ya mafuta yaliyosahaulika jikoni. Halafu chini yetu kikaanza kilio chembamba, kinapanda kila gari linapopanda mwendo.

Nikaitazama geji. Sabini. Nikaigonga kwa kidole. Sabini.

Hapo ndipo nilipoelewa. Sensa ile ina waya mmoja tu. Umeme unaingia kwa waya, unarudi kwa kupitia hesi zake kwenye chuma cha giaboksi. Pampu ya maji haijali ukiivisha utepe. Sensa inajali. Mimi nilikuwa nimeiviringishia utepe kama mtoto mchanga siku ya baridi; chuma hakikuwa kinagusa chuma sawasawa, na mshale ulikuwa unapata umeme wa kuonja tu. Joto la kweli lilikuwa chini yangu, na hakuna aliyelijua.

“Frido, inasemaje?”

Kama nikisema kweli, huyu dada atanitoa meno. Kama nisiposema, ile kona inakuja.

“Sabini,” nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

“Safi sana,” akasema, akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Namwona mpaka sasa: ametulia, macho mbele, ananiamini. Mfereji ukaanza kuonekana. Kilio kile kikageuka kusaga. Mkono wangu ulikuwa umeshika rozari ambayo sikumbuki kuitoa mfukoni.

“Simama dada, natapika.”

“Ukitapika humu utaosha.”

“Simama, nakuomba. Nakuomba kwa mama yangu.”

Akakanyaga breki. Gari likaserereka likasimama kabla tu ya kona, karibu na turubai la Mama Marsiana. Balbina akazima injini, akashuka bila kunitazama.

“Tapika upesi,” akasema. “Swichi acha wazi, geji isizime.” Akaenda kwa miguu mpaka pale kwenye ukingo uliokwanguliwa, akasimama amenipa mgongo.

Sikutapika. Niling'oa waya wa spika za masikioni mwangu, nikaumenya kwa meno. Mama Marsiana alikuwa amekuja kuchungulia dirishani.

“Mama, samahani, niangalizie huo mshale mwekundu. Ukipanda uniambie.”

Nikaingia uvunguni. Joto lilinipiga usoni. Nikaviringisha ncha moja ya waya kwenye shingo ya sensa, vidole vikaungua, ncha nyingine nikaibana kwenye boliti ya bodi, umeme upate pa kurudia.

Balbina aliporudi alinikuta nimekaa kwenye kiti, najipangusa. Mshale ulikuwa mia na sitini.

“Umeona?” nikasema. “Umepanda ghafla. Niliuona unaanza, ndiyo maana nikakusimamisha. Ile ya kutapika nilisema tu usije ukashtuka.”

Alishika mlango. Akatazama mshale, akatazama kona. “Frido,” akasema polepole, “umeniokoa.”

“Kazi yangu hiyo, dada.”

“Fundi kweli huyu mwenzio,” Mama Marsiana akadakia, ameridhika. “Hata mimi kanipa kazi. Alipoingia uvunguni huo mshale ulikuwa umelala hapo sabini. Akawa ananiuliza, mama umepanda? Namwambia bado, mwanangu. Akafungafunga kawaya kake, mara ukaruka mpaka huko. Nikamwambia umepanda. Akasema, Yesu na Maria.”

Balbina hakunitazama mimi. Alimgeukia mama, akamwomba aseme tena, taratibu, tangu mwanzo.